Mipaka, karantini, kufungia watu ndani: jenomu za virusi zinaweza kutuambia kipi kilifanya kazi?

#1 | Mzamiaji
Wakuu, habari za muda huu.

Kila mlipuko ukiisha tunaanza kugombea sifa. Waliofunga mipaka wanasema ni mipaka. Waliofungia watu ndani wanasema ni wao. Waliosimamia mazishi, waliopima, waliochanja, kila mmoja anatoa grafu ileile ya wagonjwa iliyopanda ikashuka, anaweka kidole pale inapoanza kushuka. Grafu hiyo haisemi nani aliambukizwa kutoka wapi.

Dai langu: ushahidi mzito zaidi umo ndani ya kirusi chenyewe. Kirusi kinapojinakili hukosea herufi moja moja, makosa yanarithiwa, na ukisoma jenomu (mfuatano wote wa herufi za urithi za kirusi) kutoka kwa wagonjwa wengi unaweza kuchora mti wa ukoo mzima. Unaona tawi lipi lilitoka wapi, lilivuka mpaka lini, lilikufa lini. Halafu unauliza: baada ya hatua fulani kutangazwa, matawi yalibadilika?

Mfano ni Ebola ya Afrika Magharibi, 2013 hadi 2016. Wagonjwa zaidi ya 28,000, vifo zaidi ya 11,000. Jenomu 1,610 zilichanganuliwa kwa pamoja, yaani zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa waliojulikana. Sierra Leone ilitangaza kufunga mipaka 11 Juni 2014, Liberia 27 Julai, Guinea 9 Agosti. Mti unaonyesha kwamba baada ya matangazo hayo kirusi kilipungua kuvuka kutoka nchi hadi nchi, lakini kilikuwa kimeshaingia zote tatu na kinasambaa ndani kwa ndani.

Je, tukubali sasa kwamba kufunga mipaka ni kupoteza muda?

#2 | Tawi_Kavu
Siti ya mbele hapa. Wataalamu njooni.

#3 | Mama_Maabara
Mzamiaji, umeanza vizuri ukamalizia kwa haraka. "Kupoteza muda" hakumo kwenye data hiyo.

Mwaka 2018 ulitoka uchanganuzi mwingine wa jenomu hizohizo, na ndio unaojibu swali lako. Waliuchukua mti wakaanza kukata matawi kwenye kompyuta: tukizuia safari za mbali za kirusi, mlipuko unapungua kiasi gani? Tukizuia kisiingie wilaya moja tu? Safari za mbali zilionekana si uti wa mgongo wa mlipuko. Kuzuia wilaya mojamoja, mara nyingi hakukubadilisha kitu kikubwa. Lakini kuzuia kirusi kisiingie Conakry, Freetown na Monrovia, zote tatu kwa pamoja, kungeshusha ukubwa wa mlipuko hadi karibu theluthi moja.

Mipaka nayo waliipima. Baada ya matangazo ya kufunga kulikuwa na athari ya kweli, ila ya muda mfupi. Kwa hiyo mti unasema hatua ilikuwa na nguvu, ikachelewa, na haikudumu. Hiyo ni tofauti na kusema haina maana.

#4 | Jongoo
Mama_Maabara hapo kwenye miji mikuu mitatu kwa pamoja umenichekesha. Nani huyo atafunga miji mikuu mitatu siku moja? Chakula kinapita hapo, dawa zinapita hapo, hata hao wapimaji wanapita hapo. Kwenye kompyuta tawi ukilikata halilalamiki.

#5 | Mama_Maabara
Jongoo, hakuna aliyependekeza kuzungushia ukuta. Matokeo yanakuambia wapi pa kuelekeza nguvu kwanza: vitanda, wafuatiliaji, timu za mazishi, magari. Kama una timu kumi na wilaya sitini, mti unakuambia kumi hizo ziende wapi.

#6 | Mwl_Baiolojia
Kwa wanaosoma kimyakimya na kuona aibu kuuliza, niwarahisishie. Mwalimu akisahihisha mitihani, jibu sahihi halimwambii nani alinakili kwa nani. Kosa ndilo linalosema. Wanafunzi wawili wakiwa na kosa lilelile la ajabu kwenye swali la saba, wamekaa dawati moja. Mmoja akiwa na kosa hilo na jingine juu yake, huenda yeye ndiye aliyenakili baadaye. Jenomu husomwa hivyohivyo.

Ebola ina herufi takriban 19,000. Korona ina karibu 30,000. Zote mbili hukusanya mabadiliko kama mawili kwa mwezi, na kwa sababu kasi hiyo inajulikana, unaweza kurudi nyuma na kukadiria tarehe ambayo matawi mawili yaliachana. Ndiyo inayoitwa saa ya molekuli.

#7 | Tawi_Kavu
Mwalimu Mungu akubariki, sasa nimeelewa. Kumbe basi jenomu zinaweza kusema moja kwa moja nani alimwambukiza nani?

#8 | Kipimo
Hapana Tawi_Kavu, na hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Rudi kwenye namba za Mwalimu. Korona hubadilika mara mbili kwa mwezi, lakini hutoka mtu hadi mtu kwa siku kama tano hivi. Maana yake watu kadhaa kwenye mnyororo mmoja wanaweza kuwa na jenomu ileile, herufi kwa herufi. Ebola huchukua kama wiki mbili kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, kwa hiyo kuna nafasi ya kosa moja kuingia kila hatua. Mti wa Ebola unaona karibu zaidi kuliko wa korona.

Jenomu ina uwezo mkubwa wa KUKANUSHA. Matawi yakiwa mbalimbali, huyu hakumwambukiza yule, basi. Kuthibitisha ni kazi nyingine kabisa, inataka na historia ya mgonjwa.

#9 | NesiWaZamu
Nimeguswa na #8.

Wakati wa korona wodi niliyokuwa nafanya kazi ilipata wagonjwa wengi kwa mkupuo. Kila mtu alimnyooshea kidole mhudumu mmoja wa usafi, kwa sababu yeye ndiye aliyekohoa wa kwanza. Alitengwa, watu wakaacha kula naye. Majibu ya jenomu yalipokuja, virusi vya wodi ile vilikuwa vya matawi tofauti tofauti, vimeingia kwa njia zaidi ya moja, na chake hakikufanana na vya wagonjwa wengi. Hatua iliyokuwa imechukuliwa, yaani kumtoa yeye, isingeweza kuzuia kitu. Kilichotakiwa ni barakoa na kupima kila anayelazwa mlangoni.

Kwa hiyo mimi niko upande wa Mzamiaji. Bila kile kipimo tungeandika kwenye ripoti kwamba "chanzo kiliondolewa na maambukizi yakakoma".

#10 | MchambuziHuru
Pole sana NesiWaZamu, na pole kwa huyo mhudumu. Lakini wodi ni ndogo. Nirudi kwenye nchi nzima.

Ebola ile iliisha kwa nini? Kuna mipaka. Kuna vituo vya matibabu vilivyojengwa mwishoni mwa 2014. Kuna mazishi salama. Kuna watu wenyewe walioona majirani wanakufa wakabadili mwenendo kabla ya serikali kusema lolote. Yote hayo yaliangukia miezi ileile. Mti utakuonyesha matawi yanakufa, hautakuonyesha nani aliyeyaua. Mimi naamini ni watu wenyewe. Wanaodai ni mipaka hawana jinsi ya kunipinga kwa jenomu, na mimi sina jinsi ya kuwapinga.

#11 | Mzee_wa_Takwimu
MchambuziHuru, jinsi ipo kidogo. Hatua zilianza wilaya tofauti kwa tarehe tofauti. Mazishi salama hayakuanza kila mahali siku moja. Ukilinganisha uhai wa matawi katika wilaya zilizotangulia na zilizochelewa, unapata kitu. Si uthibitisho, ni kitu.

Kuhusu mazishi, ushahidi wa jenomu ulikuwepo mapema mno. Mei 2014, mazishi ya mganga wa kienyeji yaliwakutanisha watu wa pande zote mbili za mpaka wa Guinea na Sierra Leone. Jenomu 99 kutoka kwa wagonjwa 78 zilionyesha kwamba matawi mawili yaliyokaribiana yaliingia Sierra Leone karibu wakati mmoja, na kuanzia hapo kirusi kilisambaa mtu kwa mtu, wala hakikuwa kikitoka tena na tena kwa wanyama. Hiyo peke yake ilitosha kusema wapi pa kuweka nguvu: kwa watu, si porini.

Na tukizitaja jenomu hizo tuwataje walioleta sampuli. Watano kati ya waandishi wa kazi ile walikufa kwa Ebola kabla haijachapishwa, akiwemo Dkt. Sheik Humarr Khan wa Kenema.

#12 | NesiWaZamu
Mungu awarehemu. Asante kwa kuwakumbuka.

#13 | Mzamiaji
Mzee nashukuru. MchambuziHuru, nikupe mfano ambapo hatua moja ilisimama peke yake karibu wazi: New Zealand, wimbi la kwanza la korona. Walisoma jenomu 649, asilimia 56 ya wagonjwa wao wote waliothibitishwa. Waliona kirusi kiliingizwa nchini mara 277, na asilimia 19 tu ya maingizo hayo ndiyo yaliyowaambukiza zaidi ya mtu mmoja mwingine. Kundi kubwa kuliko yote, kila mgonjwa alikuwa akiambukiza wastani wa watu 7. Ndani ya wiki ya kwanza ya watu kukaa ndani, ikashuka hadi 0.2. Hiyo si grafu ya jumla, ni tawi lilelile moja linafuatwa kabla na baada.

#14 | Kipimo
Mfano mzuri, ila umechagua visiwa vilivyo mbali na kila mtu, vyenye wagonjwa wachache na maabara zilizosoma zaidi ya nusu yao. Wangapi wanaweza hivyo?

Tatizo kubwa la mti ni kwamba unaona tu palipochukuliwa sampuli. Nchi A inasoma jenomu elfu kumi, nchi B inasoma ishirini. Kirusi kikitoka B kwenda A kikarudi B, mti utasema A ndiyo chanzo. Halafu serikali inapima "mafanikio ya kufunga mpaka na A" kwa mti huo! Mbaya zaidi, mara nyingi sampuli zinazosomwa ni za wasafiri, kwa sababu wao ndio wanaopimwa mpakani. Ukisoma wasafiri pekee utaona kila tawi limetoka nje.

Kuna njia za kurekebisha, kupunguza sampuli za kule zilikojazana, kuingiza data za safari kwenye modeli. Lakini hakuna modeli inayoweza kuona jenomu ambayo haikusomwa.

#15 | Jongoo
Nakumbuka Haiti 2010, kipindupindu. Jenomu za kirusi cha kipindupindu zilioanishwa na Nepal, ikaonekana kilifika na walinda amani. Hapo sampuli hazikuwa nyingi na jibu lilipatikana.

#16 | Mwl_Baiolojia
Jongoo, kipindupindu husababishwa na bakteria. Mada ni virusi, usituchanganyie madawati. Ila hoja yako inasimama: swali likiwa "kimetoka wapi" sampuli chache zinaweza kutosha. Swali likiwa "hatua hii ilipunguza kwa kiasi gani", hazitoshi.

#17 | Baharia_wa_Data
Naomba nikae kidogo kwenye Ulaya 2020, kwa sababu pale kuna maelezo mawili yaliyogombana na jenomu zikaingia katikati.

Kiangazi cha 2020 lilijitokeza Hispania tawi la korona lililokuja kuitwa 20E (EU1). Kufikia vuli lilikuwa limetapakaa Ulaya Magharibi, na baadhi ya nchi ndilo lililotawala. Watu wakashtuka: kirusi kimepata nguvu mpya! Waliochunguza hawakupata ushahidi kwamba linaambukiza zaidi. Lililobaki ni safari. Mipaka ndani ya Ulaya ilifunguliwa Juni, watalii wakaenda, wakarudi nalo, na upimaji na karantini za waliorejea hazikuweza kulizuia. Kwa hiyo jenomu zilitumika kupima SERA, zikaonyesha ina matundu.

Uingereza ni hivyohivyo. Wimbi la kwanza, uchanganuzi ulihesabu matawi zaidi ya 1,000 yaliyoingizwa kutoka nje, mengi kutoka Hispania, Ufaransa na Italia. Yaliyotoka moja kwa moja China yalikuwa sehemu ndogo mno. Ukipima wasafiri wa nchi moja huku kirusi kinaingia kwa mlango mwingine, hatua yako inaonekana kwenye karatasi tu. Na matawi yaliyoingia kabla ya watu kufungiwa ndani ndiyo yaliyokua makubwa na kuenea mbali. Kwa hiyo Mzamiaji, mimi nasoma hivi: mpaka si bure, ila unafanya kazi mapema sana na kwa nchi sahihi.

#18 | MchambuziHuru
Baharia, kwamba ushahidi wa nguvu mpya haukupatikana si sawa na kwamba haipo. Na vuli ile kulikuwa na baridi, shule zimefunguliwa, watu wamechoka. Safari zilieneza tawi, lakini je, safari ndizo zilizosababisha wimbi? Hata lisingekuja hilo, lingepanda tawi jingine lililokuwepo.

#19 | Baharia_wa_Data
Hilo sikatai. Jenomu zinasema mbegu ilitoka wapi. Wimbi lingekuwa na ukubwa gani bila mbegu ile, hapo tunabishana kwa modeli.

#20 | Ziwani
Wakuu, mmekaa sana kwenye milipuko ya haraka. VVU navyo ni virusi, na kwangu ndiyo mifano mizito kuliko yote.

Rakai, kusini mwa Uganda. Jamii za wavuvi kando ya Ziwa Victoria zilikuwa na maambukizi ya karibu asilimia 40 ya watu wazima. Imani ya wengi ilikuwa kwamba wavuvi ndio wanaowaambukiza watu wa bara, kwa hiyo ukipeleka huduma zote ziwani utaokoa na bara. Jenomu zikaonyesha kinyume: maambukizi yaliyotoka bara kwenda kwa wavuvi yalizidi yaliyotoka kwa wavuvi kwenda bara. Wavuvi wanahitaji huduma, naam, sana, lakini kwa ajili yao wenyewe. Anayetarajia kwamba kuwatibu wao kutazima moto wa bara, mti haumuungi mkono.

Na Botswana, kwenye jaribio la kupima na kutibu kila mtu katika vijiji 30, jenomu zilionyesha maambukizi yakitoka zaidi vijiji visivyopata huduma ya ziada kwenda vilivyopata, kuliko kinyume chake. Inaendana na kwamba hatua ilifanya kazi, na inaonyesha kwa nini ukiangalia namba za kijiji chenyewe tu utadhani ilifanya kazi kidogo kuliko ilivyofanya.

#21 | NesiWaZamu
Ziwani, hiyo ya wavuvi ni ileile ya mhudumu wangu wa usafi. Tunaanza na wa kulaumiwa, ushahidi unafuata nyuma.

Ila nina hofu upande wa pili. Jenomu za VVU zikiwa na majina, polisi au mwenza mwenye hasira anaweza kuzitumia kumshtaki mtu. Hatua ya kudhibiti inageuka hatua ya kuwaadhibu wagonjwa. Alichosema Kipimo #8 kibandikwe kwenye kila maabara.

#22 | Mama_Maabara
Ndiyo maana data hizo huondolewa utambulisho, na matokeo hutolewa kwa makundi, si kwa watu wawili wawili.

Niongeze polio, maana huko kusoma jenomu ni kazi ya kila siku na hamjaigusa. Wanasoma kipande kimoja chenye herufi kama 900, kinachobadilika kwa karibu asilimia 1 kwa mwaka. Kirusi kikipatikana kikatofautiana na ndugu yake wa karibu kwa asilimia 1.5 au zaidi, huitwa yatima. Yatima maana yake kilizunguka zaidi ya mwaka bila kuonekana, yaani wanaochunguza wagonjwa na maji taka wameacha tundu. Hapo hupimi kirusi, unapima ufuatiliaji wako mwenyewe.

Afrika ilitangazwa huru na polio ya asili Agosti 2020. Februari 2022 Malawi ikathibitisha mtoto mwenye polio hiyo, na jenomu ikaoanishwa na kirusi kilichoonekana Sindh, Pakistani, Oktoba 2019. Miaka miwili kati hapo, kilikuwa wapi? Kuna wanaosema kilizunguka Pakistani bila kunaswa kikaja baadaye. Kuna wanaosema kiliwahi kufika huku kikajificha. Herufi 900 haziamui.

#23 | Tawi_Kavu
Hiyo ya yatima imenikaa kichwani.

#24 | Mzee_wa_Takwimu
Nami niongeze kisa cha kuamka tena, kwa sababu kilibadilisha sera kabisa. Guinea, 2021, Ebola ikarudi. Kawaida tungesema popo. Jenomu ikaonyesha kirusi ni cha ukoo wa 2014, na kimebadilika kidogo mno kuliko inavyotakiwa kwa kirusi kilichokuwa kikizunguka miaka yote hiyo. Kililala ndani ya mtu aliyepona. Kongo nako, kwenye mlipuko wa 2018 hadi 2020, mgonjwa aliyepona aliugua tena baada ya miezi kama sita, na jenomu zikamhusisha na mnyororo wa wagonjwa 91.

Kwa hiyo ile kanuni ya kutangaza mlipuko umeisha baada ya siku 42 inapima mnyororo wa kawaida. Huu mwingine hauioni. Huduma ndefu kwa waliopona nayo ni hatua ya udhibiti, ingawa haimo kwenye grafu ya mtu yeyote.

#25 | Jongoo
Mzee, ukisema hivyo hadharani manusura wataanza kukimbiwa kama mhudumu wa NesiWaZamu.

#26 | Mzee_wa_Takwimu
Ni kweli, na ni hatari. Lakini kuficha hakuwalindi pia. Wanahitaji kliniki, upimaji wa shahawa kwa hiari, chanjo kwa wa karibu yao. Hayo hayatolewi kama hatukubali kwamba jambo lipo.

#27 | Baharia_wa_Data
Hamjagusa Novemba 2021. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini wanasoma jenomu haraka, wanatangaza Omicron, tawi jipya la korona. Ndani ya siku moja mbili ndege za kusini mwa Afrika zinazuiwa. Baadaye Uholanzi inakuta tawi hilo kwenye sampuli iliyochukuliwa 19 Novemba, kabla ya tangazo. Kizuizi kilikuja kirusi kikiwa kimeshawapita. Na aliyeadhibiwa ni yule aliyepima vizuri.

#28 | Kipimo
Hapo ndipo hoja yangu ya #14 inakuwa ya kisiasa. Ukiwaadhibu wanaosoma jenomu, kesho watasoma kidogo, na mti wa kesho utakuwa na mashimo zaidi. Halafu tutaukalia huohuo kupima hatua za kesho.

Pendekezo langu: sampuli zichaguliwe kwa bahati nasibu, kila wiki, kila mkoa, na zianze KABLA hatua haijatangazwa. Bila "kabla" hakuna cha kulinganisha.

#29 | MchambuziHuru
Kabla ya hatua ndipo maabara zimezidiwa na watu wanakufa. Nani atasoma jenomu za bahati nasibu wiki hiyo?

#30 | Mama_Maabara
Guinea 2015 walisoma kwa kifaa kisichofika gramu 100, na sampuli nyingine zilitoa majibu chini ya saa 24. Kifaa si kikwazo tena. Kikwazo ni vitendanishi (kemikali za kupimia) kukwama bandarini na ruhusa ya kutoa data.

#31 | NesiWaZamu
Swali moja wataalamu. Mpox ni kirusi cha DNA, jenomu yake ni ndefu karibu herufi 197,000, na nasikia hubadilika polepole. Hiyo saa ya Mwalimu itafanyaje kazi huko? Tutapimaje kama chanjo na kufuatilia waliokaribiana na wagonjwa vimesaidia?

#32 | Mwl_Baiolojia
Swali zuri. Kinapokaa ndani ya binadamu, kimeng'enya chetu cha kinga hukiachia alama za aina moja, na alama hizo huongezeka haraka kuliko makosa ya kawaida. Kwa alama hizo ilionekana tawi lililolipuka duniani 2022 lilikuwa linapita mtu kwa mtu tangu karibu 2016. Kwa hiyo saa ipo, ila ni saa ya kukaa ndani ya watu.

#33 | Kipimo
Mwalimu, saa hiyo itakuambia miezi, si wiki. Kupima kampeni ya chanjo ya wiki sita kwa saa hiyo, mimi sioni.

#34 | Mwl_Baiolojia
Ukisoma jenomu nyingi za eneo moja na kuhesabu ukubwa wa makundi yanayofanana, hata bila saa unaweza kuona makundi yanapungua. Anzisha uzi wake Kipimo, nitakuja na data za Kivu Kusini, kule tawi jipya lilionekana Kamituga 2023.

#35 | Kipimo
Naanzisha. Njoo na tarehe za sampuli pia, si idadi peke yake.